Kifurushi cha Ukaribu

1

Akureyri, mji wa kaskazini mwa Aisilandi, hupati intaneti ya nyumbani bila namba ya ukaazi. Namba ya ukaazi hupewi mpaka uthibitishe unapoishi. Na unapoishi unathibitisha kwa nini? Kwa bili ya intaneti. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilicheka, nikidhani yule dada wa ofisini ananitania. Baadaye nikajifunza kwamba watu wa huku hawatanii wakiwa kazini, na wakiwa nyumbani sijui, maana sijakaribishwa.

Kwa hiyo wiki tano za mwanzo nilitumia laini ya wageni, ile inayouzwa uwanja wa ndege ubavuni mwa chokoleti. Nguvu yake ilikuwa ya kupitisha ujumbe mfupi wa maandishi na picha moja ya nyanya. Nasema nyanya kwa sababu ndiyo kazi iliyonileta: nachuma nyanya kwenye nyumba ya vioo inayopashwa joto na maji yanayochemka ardhini. Mimi, Osmund Kapinga wa Mbinga, niliyekulia kwenye kahawa, nikavuka mabara kuja kuchuma nyanya.

Shida ni kwamba bibi hasomi ujumbe. Bibi yangu Skolastika ndiye aliyenilea. Ananiita mume wangu, namwita mke wangu, na tangu nikiwa darasa la kwanza ndoa yetu imeendeshwa kwa matusi. Bibi anataka sauti. Na sauti ndiyo ilikuwa haipiti.

Kisha nikakutana na banda la kampuni ya Tengla pale sokoni. Bango lao liliandikwa kwa lugha kumi na nne, Kiswahili kikiwemo: Kifurushi cha Ukaribu, kwa wageni, bila namba ya ukaazi. Unapewa visanduku viwili vyeupe, kila kimoja ukubwa wa kopo la maziwa. Kimoja unakaa nacho na kinaunganishwa na simu yako, kingine kinatumwa kwenu. Nilitakiwa kukisomea changu kwa sauti dakika arobaini ili kinizoee, kisha nikiache kisikilize nyumba kwa siku kumi na nne.

"Jina la mmiliki wa kisanduku cha kwanza?" fomu ikauliza. Nikaandika langu.

"Jina la mmiliki wa kisanduku cha pili?" Nikaandika langu tena.

Usinicheke. Nani kwetu amewahi kumsajilia bibi yake laini kwa jina la bibi? Kitambulisho chake kimekosewa herufi mbili. Vidole vyake vimesuguliwa na jembe miaka sitini, mashine ya alama za vidole ikimpima inadhani hakuna mtu. Laini ya kwanza maishani mwake ilikuwa ya marehemu babu, ya pili ya shangazi Betrida, ya tatu yangu. Nikabonyeza ndiyo, nikabonyeza ndiyo, nikabonyeza ndiyo, nikaenda zangu kuchuma nyanya.

2

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Sauti ya bibi ilikuja safi kama amekaa kitandani kwangu. Shangazi Betrida, anayeishi naye, aliniambia kisanduku kimewekwa sebuleni juu ya kabati la vyombo na kimefunikwa kitambaa. Majirani nao walianza kumiminika. Mnara wa simu wa kilimani ulikuwa umeteremshwa mwaka juzi, visanduku vilipoingia mjini, na cha bibi kilikuwa cha kwanza katika bonde lile. Kaya kumi na saba zikawa zinapiga simu kutoka sebule moja. Nani atamfukuza jirani aliyekuja kumsalimia mwanawe?

Jumapili ya wiki ya pili nilipiga baada ya misa yao.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mume wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapo?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri tu. Wote wazima?"

"Wazima, ila huu mguu tu ndiyo unanisumbua."

Sasa, mtu wa kwetu anajua: salamu inaanza na nzuri hata kama nyumba imeungua. Ukweli unakuja nyuma ya ila, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita mbele ya watu wanaokula. Mguu wa bibi naujua, una umri kunizidi. Kwa hiyo nikajibu kama ninavyojibu siku zote.

"Pole. Huo ni uzee, itapoa. Na ukiharibika kabisa, naoa mwingine."

Pakawa kimya. Sekunde moja, mbili, nne. Nilidhani anatafuta tusi la kunirudishia.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Mungu akulinde."

Mjukuu wangu. Sijaitwa hivyo tangu kipaimara.

3

Siku tisa zilizofuata nilipiga kila siku, na kila siku nilizidi kuingiwa na wasiwasi.

Cha kwanza, bibi alikuwa anaitikia salamu haraka mno. Nikisema shikamoo, marahaba ilikuwa imeshafika kabla sijafunga mdomo. Bibi yangu humeza mate kwanza, huweka kikombe chini, hufukuza kuku, ndipo anaitikia. Cha pili, nikitoka nje ya salamu, labda nikamwambia nyanya za huku ni nyekundu kama pua ya padri wetu, palikuwa na ukimya wa sekunde mbili au tatu, kisha, "Ehe." Basi. Mwanamke aliyekuwa akinitukana mpaka majirani wanatoka nje, sasa ananiambia ehe. Cha tatu, hakuna tena mume wangu.

Nilimuuliza shangazi. "Bibi anaendeleaje, kweli kweli?"

"Hajambo," akasema shangazi, papo hapo, bila hata kuvuta pumzi.

Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kwetu mtu aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Baba mdogo Fridolin aliambiwa baba yake hajisikii vizuri, aje taratibu asihangaike. Akaja taratibu, akakuta maua ya kaburini yameshakauka.

Nilimsimulia Mwachiro, Mtaita wa Voi tunayekaa naye chumba kinachofuata jiko. Ana miaka kumi na mmoja Akureyri na ameshaingiwa na ubaridi hata kwenye maneno. Alikuwa anasonga ugali.

"Wewe kijana, unajua hiyo kitu yako inafanya kazi namna gani?"

"Inapeleka sauti."

"Haipeleki sauti. Zile nyaya za chini ya bahari zina mgao siku hizi, kila nchi na kipimo chake. Sauti nzima hakuna mtu anabeba tena. Kisanduku cha kwenu kimeshajifunza vile unaongea, kwa hivyo kinasubiri tu. Ukisema kile kilikuwa kinatarajia, hakuna kitu kinapita baharini. Kinakisema chenyewe, na sauti yako. Kinachopita ni tofauti peke yake, yale maneno hakikuwa kimeyatarajia."

"Kwa hiyo salamu?"

"Salamu ya Mswahili ina nini mpya? Hakuna. Hiyo mnasalimiwa na mabati." Alicheka peke yake. "Mimi nikipiga nyumbani naanza na kuimba. Vibaya kabisa. Hakuna mashine inaweza kutarajia."

Nikahesabu kichwani. Kumbe utani wangu ndio pekee uliokuwa unafika. Mambo mengine yote niliyomwambia bibi, kwamba namkumbuka, kwamba nimekula, kwamba baridi si kali, yalikuwa yanasemwa na kopo la maziwa juu ya kabati.

"Na ile ehe?"

"Ehe inaweza kuwa ya mtu yeyote aliyekaa kwa kiti. Kisanduku kinamvika tu sauti ya yule kinatarajia uongee naye." Alinikazia macho kidogo. "Lakini sheria inabana hao Tengla wasizidishe. Kama wanaoongea ni watu wawili tofauti, kila mmoja lazima akubali. Huko nyumbani uliandikisha jina la nani?"

"Langu."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria.

"Yako hapa, na yako kule?"

"Ndiyo."

"Kesho usiende kazi," akasema Mwachiro. "Enda ofisini kwao."

4

Ofisi ya Tengla ina viti laini na maua ya plastiki. Aliyenihudumia anaitwa Sigrun. Alining'iniza kitafsiri kifuani, kikawa kinatoa Kiswahili cha msoma taarifa ya habari.

"Mteja ana haki ya kuona kilichopita," kitafsiri kikasema kwa niaba yake, naye akageuza kioo nione. "Katika siku ishirini na tatu mmezungumza jumla ya saa sita. Kilichovuka ni dakika kumi na moja."

"Na zilizobaki?"

"Zilizobaki mlikuwa mnazijua tayari."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekupongeza. Chini ya mistari ya kijani palikuwa na mistari tisa ya njano, yote upande wa Mbinga, yote ndani ya dakika ya kwanza ya simu.

"Hii ya njano ni nini?"

"Imelainishwa. Msemaji alisema kitu kisichotarajiwa, lakini kwa sauti ya kawaida, mahali pa salamu. Mfumo ulikiona ni kidogo, ukaweka kile cha kila siku."

"Kwa nini, bila kutuuliza?"

"Wasemaji wana jina moja. Kwa mfumo, huyu ni mtu mmoja anayejisemea. Mtu hawezi kujidanganya, kwa hiyo kulainisha kunawekwa hadi mwisho."

Mara tisa. Mara tisa mtu alisimama mbele ya lile kabati akasema ila, na mimi nikapewa mguu.

"Nataka kusikia alichosema."

"Ni haki yako." Sigrun akagusa kioo, kikaandika neno moja kubwa: FUNGUA. "Kisanduku kinatunza siku thelathini. Kila kilichosemwa karibu nacho."

Kidole changu kilikuwa kimeshanyanyuka. Kikarudi chenyewe.

"Kila kilichosemwa na nani?"

"Na wewe. Kisheria, wote katika nyumba ile ni wewe."

Nikaiona sebule. Mama Kanisius, anayekuja kumlilia mwanawe wa Arusha aliyemtelekeza. Egno wa duka, anayebembeleza binti wa katekista huku akidhani bibi amelala. Shangazi Betrida mwenyewe, ambaye huzungumza na Mungu kwa sauti akideki. Siku ishirini na tatu za kaya kumi na saba, zote mfukoni mwangu kwa sababu nilibonyeza ndiyo sokoni. Sikatai, nusu ya roho yangu ilitaka. Mimi ni mtu wa umbea, na kulikuwa na mbuzi aliyepotea mwezi wa pili ambaye kesi yake haijaisha.

"Siwezi kufungua ile tisa tu?"

"Haiwezekani. Kisanduku hakijui salamu inaishia wapi na nyumba inaanzia wapi."

"Na nikiondoa jina langu kule?"

Safari hii Sigrun mwenyewe alisita kabla kitafsiri hakijasema. "Kumbukumbu zinafutwa zote. Hutajua alichosema. Kisanduku kinanyamaza mpaka mtu wa kule akisajili kwa jina lake na kwa sauti yake. Wakala wa Mbinga mjini ataarifiwa. Anapanda huko akipata nafasi."

"Wakala anaweza kuniambia kama bibi yangu yu hai?"

"Wakala anashughulikia vifaa."

Nilikaa kwenye kile kiti laini muda mrefu mpaka mteja wa nyuma yangu akakohoa. Jambo lilikuwa wazi, na uwazi wake ndio uliokuwa unanichoma. Nikibonyeza, ndani ya dakika tano najua kama bibi yupo. Nisipobonyeza, ninaweza kukaa wiki nzima nikichuma nyanya huku watu wakimzika. Nani angenilaumu? Hata bibi asingejua.

Lakini Mama Kanisius hakuja kulia kwangu. Alikuja kulia kwa mwanawe, akadhani ukuta ni ukuta. Na kama bibi aliweka jambo lake nyuma ya ila, aliliweka hapo nilichukue mwenyewe, na sikulichukua. Kumchungulia sasa kupitia tundu hakungelipa hilo.

"Ondoa jina," nikasema.

Sigrun akauliza mara tatu kama nina uhakika. Mara zote tatu nilibonyeza ndiyo. Zile za sokoni nilizibonyeza nikitabasamu.

5

Siku sita hapakuwa na kitu. Nilipiga, nikaambiwa mwisho wa pili hauna mwenyewe. Mwachiro alikuwa ananiachia chai mlangoni, na kwa mtu kama yule hiyo ni hotuba. Kazini nilichanganya mbichi na mbivu mpaka msimamizi akanihamishia kwenye kuosha makreti.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, simu iliita nikiwa na mikono ya sabuni. Namba ya nyumbani, jina jipya: Betrida Kapinga.

Sauti ilikuja imekwaruza, na nyuma yake kuku, na mtu anayetwanga.

"Shangazi, shikamoo."

Kimya. Moja, mbili. "Marahaba, Osmund. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi yupo?"

Moja, mbili, tatu. Nilihesabu huku nimeshika ukingo wa sinki.

"Yupo," akasema shangazi. "Ila."

Akampisha mbele ya kisanduku. Nilisikia bibi akimeza mate. Nilisikia kikombe kikitafuta meza na kuikosa, kisha kuipata.

"Osmund."

"Bibi." "Bibi, uko salama?"

"Jicho la kulia limekwisha. La kushoto naona mlango, anayeingia simwoni." Alisema bila haraka. "Muuguzi wa zahanati aliniambia niwahi hospitali kubwa, linazuilika. Nikasema ngoja nimuulize kwanza mume wangu. Nikakuuliza Jumapili baada ya misa. Nikasema wazima, ila jicho limeingia ukungu, wanataka niende. Ukasema ni uzee, itapoa. Ukasema nikiharibika kabisa utaoa mwingine."

Msimamizi alipita nyuma yangu akasema kitu. Sikugeuka.

"Nikasema labda hajasikia vizuri," bibi akaendelea. "Nikarudia kesho yake, na kesho yake. Mara nane nyingine. Kila siku pole, pole, kama unampa pole kuku. Nikaona basi, mtoto ameshafika Ulaya. Ulisema yale au hukusema?"

Hapo ningeweza kusema sikusema. Kisanduku kingebeba lawama, kilikuwa kimeshazoea kubeba vyangu.

"Nilisema, bibi. Nilidhani ni mguu."

"Mguu gani? Mguu nimeutaja lini siku hizo?"

"Kisanduku ndicho kilichotaja. Ulipozungumzia jicho, kilificha, kikaniambia mguu."

"Kwa sauti ya nani?"

"Yako."

Sekunde tatu za bahari, kisha nyingine ambazo hazikuwa za bahari.

"Na mimi nikikusalimia asubuhi, aliyekuwa ananiitikia ni nani?"

"Mara nyingine mimi. Mara nyingi siyo mimi. Nilisaini, bibi. Sikusoma, nikasaini kwa niaba yako na yangu."

"Na Mama Kanisius? Aliyemwambia atakuja Pasaka ni mwanawe kweli?"

Nikafunga bomba la sinki.

Nyuma yake mtwangio ulisimama. Kumbe kulikuwa na watu sebuleni, na wote walikuwa wanasikia.

"Sasa hivi," bibi akasema, "ninayeongea naye ni nani?"

"Sasa hivi ni mimi. Jina limebadilishwa, hakuna kinacholainishwa."

"Hivyo ndivyo unavyosema. Nitajuaje?"

Nilitafuta utani. Maisha yangu yote sijawahi kukosa utani mbele ya yule mwanamke, na kwa maelezo ya Mwachiro utani haughushiki. Nilifungua mdomo, nikauona ule wa mwisho niliomtania, nikaufunga.

"Sijui, bibi."

"Mimi najua," akasema. "Kesho Betrida ananipeleka kwa madaktari wakaokoe hili lililobaki. Likipona, utakuja nikuone. Lisipopona utakuja hivyo hivyo, nikushike uso. Mpaka hapo usinipigie, wala usinitumie wa kunipigia."

"Bibi, mkataba wangu bado una miezi minane."

Alisubiri zile sekunde zipite, zote, mpaka neno langu la mwisho lifike kwake. Kisha akageukia pembeni, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeko sebuleni kwake na watu wake.

"Betrida, chomoa."

Shangazi akachomoa.